Gunia la Mchanga la Hashiru

Juli uko wapi. Shemeji yako Hashiru leo kaniaibisha hadi basi.

Tairi la nyuma kushoto la gari letu lilikuwa linalika upande wa ndani. Kichwani kwake akaamua ni mama yangu, kwa sababu kila Jumapili tukimrudisha Kisarawe anakaa kushoto. Kumwambia mkwe wake ahamie upande wa pili hawezi. Akaweka gunia la mchanga kwenye buti, kulia. Eti kubalansi.

Gunia la mchanga, Juli. Wiki tatu tunatembea nalo.

Leo tumepita kwa fundi hapa Tangini, mama yumo garini. Hashiru kamwambia fundi tairi linaliwa na uzito wa anayekaa kushoto. Fundi kachungulia chini: "Alaimenti imehama, tairi halijakaa sawa. Chuma kinachoshika tairi kimepinda, uligonga shimo. Uzito wa mtu hauli tairi hivi. Na hili gunia la nini?"

Mama ndiye kaelewa wa kwanza.

"Baba, hilo gunia lina kilo ngapi?" kamuuliza mkwewe.

"Hamsini tu, mama."

Mama karidhika, kaweka mtandio wake vizuri.

Fundi akasema gunia lishushwe kwanza, ndipo apime alaimenti. Wakaja wanaume watatu.

Watatu, Juli. Na bado wakalikokota.