Tiketi Niliyoipa Mgongo

Nyumbani,
Juu ya Duka la Saa,
S.L.P. 2086.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi dada yako. Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Juzi kwenye simu nilikusikia ukikohoa, ukasema ni baridi tu ya ghalani. Mimi si mgeni wako. Unapakia mizigo mpaka jasho linakutoka, halafu unaenda kusimama kwenye mlango wenye upepo. Vaa vizuri na unywe vitu vya moto, hujawa chuma.

Sisi hapa tunashukuru. Mgongo unanisumbua kwa kubeba majora ya vitambaa, lakini nabeba. Shangazi anagombana na kila anayekanyaga sakafu aliyoipiga deki, kwa hiyo ujue afya anayo. Habari za baba nimeziweka huko mbele ya barua, maana ndizo zilizonikalisha kitako kuandika.

Barua hii anakuletea mwenzako wa kazini aliyekuja likizo, anaondoka kesho. Ningeweza kukupigia, lakini nyumba yetu unaijua, kuta zake hazina siri, na baba siku hizi anasikia hata kijiko kikiwekwa mezani chumba cha pili. Tena kwenye simu ningekwepa. Nimeshakwepa mara tatu.

Kwanza tiketi. Imepatikana, nimeilipia, na nakala yake imo humu ndani ya bahasha. Unaondoka huko Jumatano tarehe 17 Julai, unatufikia Ijumaa. Utabadilisha ndege mara mbili. Uwanja wa kwanza utasubiri kwa muda wa saa nne, wa pili kwa muda wa saa kumi na moja, na huko hawakupi chakula wala pa kujilaza, kwa hiyo beba mkate na kitu cha kujifunika. Nauli hii ni ya begi dogo la mkononi tu, begi kubwa wanalilipisha karibu kama abiria. Usituletee zawadi. Zawadi ni wewe.

Nilikuambia tumechelewa kuipata kwa sababu ni msimu wa likizo na ndege zimejaa. Nilikudanganya, mdogo wangu.

Unakumbuka mwezi wa nne daktari wa macho aliponiambia jicho la baba lililobaki lina wiki nane, ikizidi sana kumi. Nilikupigia siku hiyohiyo. Ukasema umeona tiketi kwenye simu yako na unataka kuinunua palepale, ili uje akuone kabla halijafunga. Nami nikakuzuia. Nikakuambia, "Wewe hata nyanya unauziwa zilizooza, tiketi utaiweza? Niachie mimi." Ukacheka, ukaniachia. Kicheko chako kile bado kiko masikioni mwangu.

Nilizunguka ofisi za tiketi tano. Ya tano iko ghorofani, juu ya duka la dawa, ya mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Watu wote wanamwita Mama Tiketi. Alihangaika na kompyuta yake karibu saa nzima, anabadilisha siku, anabadilisha njia, mpaka akapata safari ya kubadilisha ndege mara moja tu. Ungefika hapa tarehe 24 Mei. Bei yake ilikuwa chini kuliko zote nilizozisikia mjini, na pesa ninayo mkobani.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilimuuliza, "Bei ya mwisho?" Akasema ndiyo hiyo. Nikaguna. Nikamwambia pale mtaa wa pili wanatoa kwa chini zaidi, na haikuwa kweli. Akasema, "Basi kachukue huko, dada, kwangu haishuki." Hakusema kwa ubaya. Nikafunga mkoba, nikamwachia namba yangu ya simu makusudi, nikasimama, nikaondoka polepole.

Wewe umekulia sokoni, huhitaji kuelezwa. Miaka kumi na tisa nauza vitambaa, na kila siku mteja ananifanyia hivyo nami nawafanyia wanaoniuzia kwa jumla. Mtu akiipenda bidhaa anaipa mgongo, na hajafika duka la tatu anakuwa ameshaitwa. Nilishuka ngazi moja moja. Chini nikasimama kwenye dirisha la duka la dawa nikijitia kuangalia miswaki. Nilisimama mpaka muuzaji akatoka kuniuliza kama naumwa. Hakuna aliyeniita.

Nikasema moyoni, mwache, atanitafuta mwenyewe. Siku ya kwanza nikajikaza. Ya pili nikajikaza. Siku ya nne nikarudi, na bado nilipanda zile ngazi kwa maringo.

Mama Tiketi alinikaribisha kiti kabla hajasema kitu. "Dada, ile nafasi imekwenda tangu juzi. Zilizobaki ni mara mbili ya ile bei."

Nikamjia juu. "Si ungenipigia? Namba yangu si unayo?"

Akaishika miwani yake, akaniangalia kwa huruma. "Bei sipangi mimi. Na hii kompyuta haijui kama umenuna."

Ingekuwa imempata mwingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Nilishuka ngazi zile sioni ninapokanyaga. Mara mbili hatukuiweza, hata mimi na wewe tungejikamua vipi. Kila wiki nilirudi kwake. Tukajaribu siku za katikati ya wiki, tukajaribu viwanja vya miji ya jirani, tukajaribu njia za kuzunguka nusu ya dunia. Hakuniomba hata senti ya ziada kwa usumbufu wote ule. Hiyo ya Julai ndiyo ya kwanza iliyotuangukia mkononi, na safari hii sikufungua mdomo kuhusu bei.

Sasa habari za baba. Alhamisi asubuhi alikaa kwenye meza yake ya kazi, akanyoosha kile kitambaa anachotandika chini ya saa za wateja, akaniuliza mbona leo sijafungua dirisha. Mdogo wangu, dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni. Nikasema, "Nimesahau, baba," nikaenda nikalifunga, nikalifungua tena kwa kishindo ili alisikie. Akakinyoosha tena kitambaa chake. Kisha akasema, "Asante," nami nikajua kwamba ameelewa. Ijumaa daktari akathibitisha. Jicho limefunga, na hakuna cha kufanya.

Ungefika tarehe 24 ungepata siku kumi na tatu naye akikuona. Hizo siku nimezichukua mimi. Si msimu, si ndege, wala si wewe. Najua unajilaumu kwamba ungeomba likizo mapema. Acha. Likizo uliomba, tiketi uliitaka, na aliyekuzuia ni mimi, halafu nikaenda kununa mbele ya miswaki. Sikuandiki ili unisamehe haraka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nitakuwa hapahapa. Ila usiendelee kubeba mzigo ambao ni wangu.

Baba nimemweleza jana yote, neno kwa neno. Alikuwa anaifuta saa kwa kidole gumba, akaendelea kuifuta. Nilingoja anigombeze. Aliuliza tu, "Ulishuka mpaka ngazi ya ngapi?" Nikamwambia mpaka chini. Akasema, "Mama yenu naye angeshuka mpaka chini." Nikalia, yeye akanitafuta kichwa kwa mkono mpaka akakipata.

Pokea salamu za shangazi, anasema uje na tumbo tupu maana atakupikia kana kwamba huko ulikuwa jela. Mama Tiketi anakusalimu ingawa hamjuani. Jina lako amelichapa mara nyingi hata anakuona kama mwanawe. Mbusu wifi yangu na watoto kwa niaba yangu. Mungu akushike mkono njia nzima, angani na katika kumbi zote za kusubiri, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Baba amenikataza nisikuambie kwamba haoni, nami nikamwahidi. Siku tatu hizi ananiuliza maswali. Nywele zako zimeingia mvi? Ndevu umeziacha au umenyoa? Umenenepa au umekonda? Nachukua picha yako ya mwisho namweleza, naye anarudia taratibu kwa midomo kama anayekariri somo. Jana jioni ndipo nikang'amua. Anataka siku ile ukitoka kwenye mlango wa uwanja wa ndege akutazame usoni, akuambie kwamba ndevu zimekukubali, ili uamini kwamba ulimuwahi. Ameniagiza nikuulize, kana kwamba nauliza yangu tu, siku hiyo utavaa shati la rangi gani.

Nimemvunjia ahadi, kwa sababu siwezi tena kukuficha kitu. Lakini hilo lake nakuomba tumwachie. Nitumie ujumbe, rangi tu, sitahitaji zaidi. Ulivae shati hilohilo, usije ukalibadilisha huko njiani kwa uchovu. Ukitoka, usimkimbilie. Njoo usimame mbele yake, karibu, umwamkie, kisha umpe nafasi aseme. Akikuambia hiyo rangi imekupendeza, mjibu, "Asante baba, nilijua utaiona."

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.