Jina la Ng'ombe Katika Wimbo wa Wanangu

Jumatano. Mvua ya Ngara imegoma kukatika, nami nimekaa kwenye chumba cha kompyuta hapa mjini, nabonyeza kwa vidole viwili. Shule niliishia darasa la saba, lakini blogu ninayo. Wangapi kule kwetu Nyamiaga wanayo?

Leo sina hamu ya kujisifu. Nitajisifu kidogo tu, ili anayepita hapa aelewe.

Wale waimbaji, Wachunga Wawili, ni wanangu. Deo nimemzaa. Melki nimemlea, tangu alipovuka kutoka Burundi akiwa bado mtoto wa kufungwa vifungo vya shati, hana baba, hana mama, ameshika kanga ya mwanamke asiyemjua. Wanapiga muziki wa kantri, magitaa mawili, na wakianza pale Nemba siku ya soko hata wauza dagaa wanaacha kupima. Msukuma mmoja wa Biharamulo alitaka kunipa ndama kwa wimbo mmoja tu. Mungu shahidi.

Sasa kambi ya wakimbizi inafungwa, malori yanawarudisha watu Burundi. Melki naye amejiandikisha kurudi kwao. Ijumaa anapanda lori.

Hakuna aliyemlazimisha. Anasema anakwenda kumtafuta mama yake.

Amtafute wapi? Hajui hata kilima cha kwao. Anakumbuka mikaratusi na njia ya udongo mwekundu. Burundi kilima gani hakina mikaratusi?

Ndiyo maana tulisema watoe kanda moja, nyimbo zao bora zote mahali pamoja, kabla hawajatengana. Leo tulikuwa kwa Bwana Salumu mwenye duka la kanda, kwenye kile chumba chake cha nyuma alichotundika mablanketi ukutani. Nyimbo nyingine alikuwa nazo tayari. Ulibaki mmoja wa kurekodi upya, ule unaopendwa kuliko zote, wa mama anayekamua huku akimwita ng'ombe wake. Kila mtu anajua ng'ombe huyo ni Gaju wangu. Nimewaambia harusini, sokoni, hata kanisani.

Melki akafumba macho, akaimba. Alipofika kwenye jina akaita, "Mukundwa! Mukundwa!" Kisha mluzi mdogo.

Gitaa la Deo likanyamaza.

"Baba, umekosea jina," nikamwambia Melki.

"Sijakosea, mama. Huyo ni ng'ombe wa mama yangu. Alikuwa anamwita hivyo, na mluzi. Ukiacha mikaratusi na ile njia, sina kitu kingine cha kwetu ninachokikumbuka."

Kumbe mwito ule wa kwenye wimbo alikuja nao. Alipofika kwangu akakuta chakula na ng'ombe mmoja, akaona adabu ni kumwimba ng'ombe wa nyumba inayomlisha. Hakuniambia hata siku moja. Miaka yote nilidhani ile "Gaaaju" wanaivuta kwa mbwembwe, kumbe jina lilikuwa fupi kuliko nafasi yake.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia.

Nilisema, "Bwana Salumu, futa hiyo. Watu wanamjua Gaju."

Salumu akanitazama. "Mama Deo, ng'ombe wako ameshapata sifa kumzidi mkuu wa wilaya. Mwache naye apumzike."

"Rekodi, Bwana Salumu. Usinichekeshe."

Melki akasema, "Sawa, mama." Akaimba Gaju. Aliimba vizuri, wala hakununa, na hilo ndilo linaloniua.

Deo hajanisemesha tangu tulipotoka pale.

Sikuwa nampigania Gaju. Nilikuwa naliona lori. Niliona kama akiliita lile jina mara moja zaidi, yule mwanamke atatokea hapo mlangoni, atanyoosha mkono, na mimi nitabaki na nini?

Na kama hayupo? Kama mwanangu atazunguka kilima hadi kilima akiulizia ng'ombe aliyekwisha chinjwa zamani? Atalala kwa nani? Nani atajua kwamba akiwa na homa hasemi, anajifunika tu? Nimejaribu kuomba nimeshindwa. Sijui niombe ampate au niombe anirudie.

Redio yetu ya hapa Ngara inasikika hadi ng'ambo ya mpaka. Kanda nazo zinavuka na wafanyabiashara. Huenda yupo mwanamke mahali, anachambua maharage, redio iko dirishani. Atamsikia Gaju. Atasema, wimbo mzuri huu. Ataendelea kuchambua.

Hapo ndipo nashindwa hata kukaa kwenye kiti hiki.

Bwana Salumu anaanza kunakili kanda kesho akifungua duka. Atanikuta mlangoni, na wanangu wote wawili mbele yangu, mvua inyeshe isinyeshe. Mukundwa arudi kwenye wimbo wake, na mluzi wake. Kwenye kava iandikwe: wimbo wa mama yake Melki. Gaju nitamweleza mwenyewe nikiwa namkamua.

Ee Mungu, huyo mama awe hai.

Awe hai, ausikie, aje mbio aulize ni nani aliyemlea mwanawe akawa mrefu hivi, akamtia adabu, akamnunulia na gitaa.

Siku hiyo mniache nijisifu.