Tambi za Harerimana

Ujiji, Jumapili

Mama Esther,

Mvua zimefika huko Kakonko? Hapa tunabeba zege kutwa, na nyapara hachoki kututukana.

Nilipokuja likizo ulinipikia ugali wa muhogo na maharage, nikavisukuma pembeni. Ukauliza, "Baba Esther, nani anakupikia huko?" Niliona aibu kukujibu. Anayenipikia ni Harerimana, mwanamume mwenye ndevu, aliyejifunza upishi kwa Wachina waliokuja kujenga barabara. Tambi zake zina pilipili ya kunitoa machozi, na hasira ninazopandishwa na nyapara hutoka pamoja na machozi hayo. Nimezizoea hadi chakula kingine nakiona hakina ladha.

Leo sikwenda kwa Harerimana; nimesonga mwenyewe ule unga wa muhogo ulionifungia siku ya kuondoka. Umejaa madonge. Ugali wote nimeumaliza.

Mumeo,
Meshack