Karata Mbele ya Mfiwa

Kiseke, Ijumaa, Oktoba 1998

Mvua ya asubuhi imeacha mawe ya mlimani yaking'aa. Magoti yananiuma kama kawaida ya siku za mvua, lakini leo nimeona jambo ambalo bado linanizunguka kichwani, na nataka kuliandika kabla halijapoa.

Lukas alifariki juzi, hospitalini upande wetu huu wa ziwa. Atazikwa kesho ng'ambo, Sengerema, kwenye shamba la mkewe. Tuliondoka kisiwani Ukara pamoja tukiwa vijana, ardhi ya wazee wetu ilipogawanywa mpaka vikabaki vipande visivyoweza kulisha mtu. Huko Sengerema wanamjua akiwa mzee tu, fundi baiskeli mwenye utani. Aliyemjua tangu utoto nimebaki mimi, na kwa magoti haya sivuki.

Nikamwandikia wasifu wa kusomwa kaburini, ili azikwe akiwa na kwao. Mwandiko wangu siku hizi unatetemeka, msomaji angekwama. Mkewe, Mama Sabina, akanipeleka kwa Neema, binti anayechapa kwa kompyuta pale Kirumba, ili yeye awahi kivuko cha mwisho cha Kamanga.

Neema alinipa shikamoo, akatuketisha, akabonyeza vitufe vyake vitatu kwa pamoja ili kufungua ukurasa wa kuandikia.

Zikatokea karata.

Zimepangwa safi kwenye kioo, nyekundu na nyeusi, mbele ya mjane aliyejifunga kanga ya msiba. Neema akazifunga haraka, akabonyeza tena. Karata. Aliona aibu kweli. Akaeleza kwamba kompyuta aliinunua ikiwa imetumika kwingine. Kaka yake ndiye aliyeweka vitufe hivyo, akamfundisha njia hiyo moja, akasafiri. Vilifanya kazi vizuri mpaka jana umeme ulipokatika. Kipanya nacho kimekufa. Akazima, akawasha. Karata.

Mama Sabina alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Nikadhani analia.

"Mwacheni acheze moja tu," akasema, "ndipo atatupisha."

Alikuwa anacheka. Lukas na karata! Chakula kilikuwa kikipoa, yeye anasema bado moja.

Hapo nikakumbuka nyumbani. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, na babu akiwa bado hai, ukiita uani huitika mkubwa kwanza. Nikamwuliza Neema kama vitufe vile havikuwahi kupewa kazi nyingine kabla ya kaka yake kuvitumia. Hakujua. Tukafungua kile kitabu kinene cha Kiingereza kilichokuja na kompyuta, tukasoma namna ya kutembea juu ya vile vipicha vya kwenye kioo kwa vitufe vya mishale, na kufungua maelezo ya kila kimoja.

Cha karata kilikuwa pembeni kabisa, kimeachwa na mwenye kompyuta wa zamani. Vitufe vyake ni vilevile vitatu; inaelekea umeme uliporudi, kompyuta ilimsikia yeye kwanza.

Neema akamvua yule mkubwa jina, akafuta vitufe vile kwenye kipicha cha karata. Akabonyeza. Ukurasa mweupe ukafunguka.

Bado nastaajabu. Mtu nisiyemjua alikaa mbele ya kioo kile, akakiambia: nikigusa hapa, nipe karata. Akaondoka. Kioo hakikumsahau. Umeme ukakatika, ukarudi, nacho kikaitikia agizo la asiyekuwepo, kwa uaminifu ambao sijauona kwa watu wengi.

Wasifu ulichapwa. Mama Sabina akakiwahi kivuko akiwa nao mkononi. Kesho, mbele ya watu wasiowahi kukanyaga Ukara, litasomwa jina la mji wa baba yake Lukas, na jiwe tulilokuwa tukijirusha majini kutoka juu yake.

Nimebaki na swali moja, wala silionei uchungu. Lukas nilikuwepo mimi wa kumsemea. Siku yangu ikifika na jina langu likaitwa, nani atajua kwamba kabla ya huyu mzee wa Kiseke kulikuwa na kijana wa Ukara, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuitika?