Kabureta ya Kaka

Jumamosi, 4 Machi

Wiki ya saba tangu tumzike kaka. Leo shemeji, mke wake, amenipa viatu vya kaka. Vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa hospitali, fundo bado limekazwa. Kasema nivitie sindano nimpe mtu anayevihitaji. Hakuniangalia usoni aliposema.

Ni vile vyepesi vya kuendeshea gari lake la mbio. Soli nilizikwangua mimi mwenyewe zikabaki nyembamba, maana kaka alitaka aisikie pedeli kama yuko peku. Alivivaa bila kufungua kamba, anakanyaga kisigino kama mtoto wa shule. Nilimgombeza kila mara. "Sawa, mwalimu," anasema, halafu anarudia vilevile.

Cha kulia kimechubuka juu, penye kidole gumba. Mchubuko mmoja, umenyooka, rangi imetoka hadi ngozi nyeupe. Chini hakina kitu.

Nimekaa nacho mapajani tangu saa nne. Miaka ishirini na miwili nashona viatu. Kiatu hakichubuki hivyo kwa kukanyaga. Kinachubuka hivyo mguu ukiingizwa chini ya kitu na kuvutwa juu kwa nguvu.

Chini ya kitu gani, ndani ya gari?

Jumapili, 5 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, nikaomba ufunguo wa gereji. Akanitupia mezani. "Kuna nini cha kutazama mle, shemeji?" Nikasema natafuta spana yangu. Uongo wa kwanza.

Gari liko kama lilivyovutwa siku ile. Taa ya kulia haipo, rejeta imekunjika, boneti imefungwa kwa kamba. Nikalala sakafuni na tochi. Chini ya pedeli ya mafuta, kwenye ukingo wa chini — rangi ya kahawia! Rangi ya kiatu, niliyoipaka kwa mkono wangu.

Kaka alikuwa anaivuta pedeli juu kwa kidole cha mguu. Alikuwa anataka kupunguza mwendo! Pedeli ilimgomea.

Nimekaa juu ya tairi nikalia, na nilikuwa nalia kwa furaha, Mungu anisamehe. Wiki saba nimesikia maneno yaleyale. Kwamba mwisho wa njia ya mbio pana kona, kila dereva anaachia mafuta, yeye hakuachia, akaenda moja kwa moja kwenye tuta. Kwamba alipenda sifa. Mkaguzi wa klabu alikuja kesho yake, akabonyeza huku na kule, akaandika: waya mzima, springi nzima, kabureta nzima, kosa la dereva. Shemeji aliisoma karatasi ile mara mbili. Jioni akaitoa ukutani picha ya kaka.

Sasa najua si kosa lake. Lakini nikienda na kiatu peke yake watasema msiba umenipanda kichwani. Lazima nijue kitu gani kilimshikia mafuta.

Jumanne, 7 Machi

Nimefunga kibanda mapema. Kinyozi amekuja kunisaidia. Yeye na kaka walilijenga gari hili miaka minne, boliti kwa boliti, na siku ile ndiye aliyekuwa na bendera pale mwisho. Bado ananuka poda ya wateja.

Nikamweleza habari ya kiatu. Akainama, akaitazama pedeli. Halafu: "Niliona breki zinatoa moshi. Niliwaambia watu wa klabu. Wakasema alikanyaga breki kachelewa."

Tumefungua chujio la hewa, kabureta ikabaki wazi. Kubwa kama sufuria ya watu sita. Ina midomo minne. Miwili ya mbele ni midogo, ya mwendo wa kawaida. Miwili ya nyuma ni mikubwa, inafunguka tu ukikanyaga hadi mwisho. Ndani ya kila mdomo kuna kibati cha duara kinachofungua na kufunga. Kaka aliviita vipepeo.

Nimevuta waya wa mafuta. Vipepeo vikafunguka vyote vinne. Nimeachia — tap! — vikafunga. Mara hamsini nimehesabu. Tap kila mara. Waya hauna hata uzi mmoja uliokatika. Springi ya kuvirudisha ina nguvu, imenibana kidole.

Kinyozi: "Ndugu yangu, hii ni nzima kuliko mimi."

Nimerudi nyumbani nimechoka bila kufanya kazi.

Jumatano, 8 Machi

Tumejaribu kuliwasha. Rejeta ya kupozea injini haifai, kwa hiyo Kinyozi kaunganisha mpira wa bustani na pipa la maji, kitu cha aibu kabisa ukikiona. Kaka angetufukuza.

Limewaka, kisha moshi mweusi. Petroli ikaanza kumwagika kwenye midomo ya mbele. Nikazima mbio. Tukaimwagia petroli mchanga isishike moto.

Nilidhani tumepata! Lakini Kinyozi kasema hapana, hili ni jipya. Petroli ilikauka ndani wiki saba, ikaacha uchafu, sindano ya floti, ile inayofunga njia ya petroli, imekwama wazi. Petroli inaingia, hakuna wa kuizuia. Siku ya mbio injini haikuwa na moshi mweusi hata chembe, yeye alikuwepo.

Kumbe ugonjwa mmoja unaweza kukaa mbele ya mwingine ukauficha.

Ijumaa, 10 Machi

Nimesafisha sindano na tundu inamokaa kwa mswaki. Nimepuliza jeti zote, vile vitundu vya petroli, kwa mdomo, moja baada ya nyingine, ladha ya petroli bado iko kooni hata baada ya chai. Floti, lile boya dogo, nimeitikisa sikioni, haina petroli ndani. Nimerudisha.

Limewaka na kutulia. Kinyozi kafumba macho, kainamisha kichwa kama anasikiliza redio mbovu. "Silinda ya sita inakohoa. Nyingine nzima." Nikavuta mafuta, nikaachia. Injini ikapanda, ikashuka. Nikarudia. Ikapanda, ikashuka.

Nilipogeuka shemeji alikuwa mlangoni, mikono ina povu la kufulia. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Kasema, "Kumbe bado linanguruma." Kisha: "Nimeshaongea na watu wa vyuma chakavu. Jumamosi ya wiki ijayo wanalibeba. Walikate, wanifanyie hisani."

Kinyozi akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Sitaki kulisikia tena, shemeji. Wewe umelia ndugu. Mimi sijui hata nimlilie au nimgombeze."

Tukazima.

Jumapili, 12 Machi

Niliamka na wazo. Mkaguzi alikagua gari lililolala usiku kucha nje. Na mimi kila mara nimejaribu likiwa baridi, au limewaka dakika mbili. Kaka alikuwa amekimbia duru tatu. Lilikuwa la moto!

Nikaenda peke yangu. Nililiacha likiwaka nusu saa nzima, namwaga maji pipani kwa ndoo, hadi ukishika bati la kabureta huwezi kuhesabu tatu. Nikazima. Nikavuta waya hadi mwisho. Nikaachia.

Hakuna tap.

Vya mbele na vya nyuma vinakwenda pamoja kwenye chuma kimoja, kimoja kikikwama vyote vimekwama. Vyote vinne wazi, vimetulia, vinanitazama. Springi imevutika inatetemeka, haiwezi. Nikaingia ndani, nikaweka kidole cha mguu chini ya pedeli, nikavuta juu kwa nguvu zangu zote. Haikusogea. Nimekaa kwenye kiti chake na mguu wangu uko vile ulivyokuwa mguu wake. Yeye alikuwa na sekunde nne labda. Tano.

Nikarudi mbele na tochi, nikaangalia ndani ya mdomo wa nyuma wa kushoto. Kipepeo kikisimama wima, ukingo wake wa chini unashuka kupita kitako cha kabureta. Na pale chini kuna kitu kimetokeza, kimeshika ukingo ule. Kitu laini, cha kahawia.

Sikuendelea. Nilifunga gereji nikaondoka.

Jumatatu, 13 Machi

Nati nne. Nimezifungua asubuhi hii, kabureta nikaiweka juu ya gazeti.

Ni gasketi. Ile inayokaa kati ya kabureta na injini.

Niliikata mimi.

Jumanne, 14 Machi

Sikufungua kibanda.

Jumatano, 15 Machi

Niandike yote, labda nitapumua.

Ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya mbio. Gasketi ya zamani ilichanika na duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Kaka akaja kibandani na kabureta mikononi, ameibeba kama mtoto mchanga. Gasketi zake zote nilikata mimi. Alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba hakuna mashine inayokata kama mkono wa fundi viatu. Siku zote nilikata kwa karatasi ya gasketi, ile ya kijivu. Siku ile ilikuwa imekwisha.

Nilikuwa na kadibodi ya ndani ya kiatu, ile inayokaa chini ya unyayo. Unene uleule. Ngumu vilevile. Nikasema hii itafaa. Kaka akaigonga kwa kucha, akasema, "Wewe ndiye fundi."

Na nikakata kifundi viatu. Matundu manne sawasawa na midomo, nadhifu, hakuna hata upana wa uzi uliozidi. Katika kiatu nafasi ni aibu. Nilijisikia fahari! Kumbe hapa nafasi ilitakiwa, kipepeo kipite.

Na ile kadibodi kazi yake ni kunywa jasho. Imekunywa petroli. Ikipata joto inavimba, ukingo unaingia ndani ya tundu. Ikikauka inarudi. Ndiyo maana mkaguzi hakuona. Ndiyo maana kila siku nilisikia tap, nikashukuru.

Leo nimekata nyingine kwa karatasi ya kijivu, matundu mapana. Nikalichemsha gari nusu saa. Tap. Mara hamsini, tap.

Kinyozi alinikuta naendelea kuhesabu. Akaiona ile ya kahawia mezani, akaielewa bila kuuliza. Akaichukua, akaenda nayo hadi kwenye pipa la taka. Nikamshika mkono.

"Mdogo wetu, nisikilize," kasema. "Jumamosi gari linaondoka. Hiki kikienda nalo, kimekwenda."

"Na shemeji?"

"Ana hasira na mtu aliyelala. Aliyelala haumii. Akiwa na hasira na wewe, nani atamshonea mtoto viatu? Nani atamtengenezea bomba? Ukoo wenu umebaki wewe. Utamwondolea mume mara mbili na shemeji juu yake."

Nikamwachia mkono. Ananipenda, najua. Na huwa nyembe zake hazikati mtu. Aliirudisha gasketi mezani akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 17 Machi

Binti wa kaka kaja kibandani ametoka shule. Kifungio cha kiatu kimekatika. Ana miaka kumi na moja na anakaa kwenye stuli vilevile kama baba yake, mguu mmoja kaukunja chini.

Nilikuwa nashona. Akasema, "Baba mdogo, gari lina pedeli ngapi?"

Nikasema lile lina tatu.

"Mama anasema ya mafuta na ya breki ziko pamoja, karibu karibu. Anasema baba alikuwa na muda wa kuchagua."

Sindano ilinichoma. Nikanyonya kidole nipate pa kuuweka mdomo.

"Nilimwambia mama labda alisahau. Mama akasema mtu hasahau watu wake." Akatazama chini. "Kwa hiyo mimi sikumlilia sana. Ni vibaya?"

Nikamwambia si vibaya. Ndivyo nilivyosema tu! Nikamvalisha kiatu, nikamfunga kifungio, akaruka ruka kujaribu, akasema asante, akaenda. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na tatu, nimemwachia mtoto aondoke na neno lile, ili mimi nisalimike.

Nilimwita alipokuwa ameshavuka barabara. Hakusikia. Au nilimwita polepole.

Jumamosi, 18 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandika juu ya meza ya gereji, nimesimama.

Wa vyuma chakavu wamefika, watatu. Wameingiza lori kinyumenyume, wamefunga mnyororo kwenye ekseli. Mmoja kaniambia kwa utani, "Mzee, liage basi, lisiende na kinyongo." Nikawaambia wasubiri kidogo. Wakauliza kwa shemeji, maana mwenye gari ni yeye.

Shemeji akaja hadi pale mlangoni, kanga amejitanda, kaniuliza wanasubiri nini.

Nikasema, "Nina neno na wewe kabla halijatoka."

"Sema."

"Si mbele ya watu. Ukae kwanza."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi kanitazama usoni, na nikaona ameogopa. Akasema, "Ni habari yake?"

"Ni yake na yangu."

Akasema ngoja awape watu maji ya kunywa, anakuja. Binti yuko naye jikoni. Nimemwambia shemeji aje naye. Kauliza, mtoto wa nini kwenye maneno ya watu wazima? Nikasema, aje.

Kinyozi yuko nje karibu na lori. Anatikisa kichwa, hapana, hapana. Nimempa mgongo.

Kabureta nimeifungua tena, iko juu ya gazeti. Gasketi ya kahawia iko kando yake, na kile kisu changu nilichokatia. Nilikuwa nimetandika kitambaa juu. Nimekiondoa.

Nimejaribu maneno ya kuanzia. "Kaka alikuwa anavuta pedeli." Nianzie hapo. Yake kwanza, apate kuipokea kabla ya yangu. Halafu yangu, yote, bila kusema duka lilikuwa limefungwa.

Vikombe vimeacha kugongana jikoni. Nasikia jozi mbili za ndara kwenye zege, za mkubwa na za mdogo, na mdogo anauliza kitu, na mama yake anasema, sijui, mwanangu, twende tukasikilize. Naweka kalamu chini.