Italiki Si Mapambo

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Nyakato tu wazima, babu yako anakusalimu. "Bibi, italiki ni mapambo tu," umeniandikia, na unataka kuiondoa herufi hiyo ya kuinama kwenye kijitabu cha ibada ya harusi ya kaka yako. Umekosea.

Kijitabu cha harusi yetu, kule Nyegina, hakikuwa nayo. Maelekezo yalichapwa kwa herufi zilezile za sala. Padri aliponiuliza kama nakubali, kanisa zima likasoma kwa sauti: "Bibi harusi ajibu mwenyewe, wengine wanyamaze." Akarudia swali, wakarudia kusoma. Babu yako akatokwa jasho. Mama mkwe akanong'ona, "Huyu binti anajibiwaga na kijiji?"

Herufi ile nyembamba, iliyoinama kama mwandiko wa kalamu, humwambia msomaji: hili tenda, usilitamke.

Wewe na wenzako hapo kiwanda cha uchapaji, iacheni ilivyo mnapochapa. Bibi harusi wetu ajibu mwenyewe.