Gari la Mtani wa Igalula

Ng'ambo, Tabora

Mume wangu Baba Neema,

Pokea salamu zangu kutoka huku Unyamwezini. Unaendeleaje? Mguu uliobaki una nguvu? Na ule uliokatwa, bado kidole gumba chake kinakuwasha kama ulivyoniambia? Sisi huku wazima. Neema ameng'oka jino la mbele na anataka baba yake alione pengo kabla halijajaa. Zahanati ni kama siku zote, wagonjwa wengi, wauguzi wachache.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja gari tu, unaanza maswali: linatoa moshi wa rangi gani, oili imekuwaje, gia inaingiaje. Nikimaliza kujibu, salio limekwisha na la kwangu sijalisema. Barua huwezi kuikatiza, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Tulikubaliana kwamba nikipata kagari kadogo, hata kawe kakuukuu, ila kasiwe na klachi ili mguu wa kulia ukutoshe, utahamia huku tukae pamoja. Sawa. Basi nimezunguka kukatafuta kwenye jua hili la Tabora, nakagua kila kitu mpaka madalali wananiita Mama Askari.

Lile la kwanza la hapa mjini ulikuwa na haki kulikataa. Lilikuwa linang'aa, dalali anaapa kwamba lilikuwa la daktari na halijawahi kulala nje. Nikafanya ulivyonifundisha, nikaweka kiganja juu ya boneti kabla hawajaliwasha. Moto! Walikwisha kuliwasha kabla sijafika ili nisilisikie likikohoa injini ikiwa baridi. Nikamwambia, "Daktari wako alimpasha mgonjwa joto kwanza, eeh?"

La pili, la mkulima wa tumbaku kule Urambo, nalo ulikuwa na haki. Nilifunua kapeti nikakuta tope kavu mpaka chini ya viti. Namba ya chesisi na ya kwenye kadi hazikulingana. Nikaondoka bila kuaga.

Lakini la tatu, Baba Neema! Fundi Rajabu, ambaye zaidi yake simwamini mtu mwingine wa spana mji huu (na yeye mwenyewe namwamini nikiwa nimemsimamia), aliingia uvunguni akatoka anatabasamu. Halina kasoro, akasema. Nikakupigia, nikashikilia simu karibu na injini, nawe ukasema, "Hiyo ni beringi, achana nalo." Rajabu akatega sikio, nami nikatega. Beringi ipi? Hapo ndipo nilipoanza kukutilia shaka wewe.

Nikuambie ukweli, nilidhani kuna mwanamke. Nilimpigia wifi yangu nikamzungushazungusha, akanicheka mpaka akapaliwa. Akasema mchana kutwa unashinda nyumbani na redio. Sikumwamini, ni dada yako yule.

Sasa sikia la juzi. Niliambiwa Igalula kuna mzee aliyestaafu kazi ya reli, anaitwa Mzee Maganga, anauza gari lake lisilo na klachi kwa kuwa macho yamefifia. Nikamchukua Rajabu tukaenda. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza natokea wapi. Kusema kwetu ni huko Kongwa uliko tu, mzee akashika kiuno. "Mgogo! Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani mkawatoza hongo hata kwa maji ya kunywa. Leo umejileta mwenyewe!" Nikamjibu, "Mlibeba meno ya tembo ya watu, mkarudi kwenu na shingo fupi." Majirani wakajaa uani, kicheko kitupu. Unajua utani wetu Wagogo na hawa Wanyamwezi hauna breki.

Basi akaanza kuliponda gari lake. "Usilinunue, Mgogo, hili linakunywa oili kunishinda mimi na pombe ya kienyeji. Asubuhi gia inashtuka kama mtu aliyeitwa na polisi. Mlango wa nyuma uliparamiwa na ng'ombe. Na hizo kilomita usizisome, mita ilikufa zamani." Nami nacheka, nadhani ni utani, kwani muuzaji gani huongea hivyo? Akauliza mbona nakagua peke yangu, mume yuko wapi. Nikamweleza: ni dereva wa malori, alipata ajali, akakatwa mguu wa kushoto, kila gari analiulizia moshi na gia kwenye simu, likipatikana zuri atakuja. Mzee akapiga makofi. "Huyo haji! Dereva anayetaka gari haulizi moshi, anauliza ufunguo uko wapi." Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Kisha Rajabu akafanya kazi yake. Oili, kweli linakula. Gia, kweli inashtuka. Mlango umenyooshwa na kupakwa rangi nyingine. Mita imekufa. Kila alilosema yule mzee tulilikuta, wala hakubakiza hata moja. Nilisimama pale nimeshika kitambaa cha oili, kicheko kimeniishia. Nilikuwa nimezoea kupekua uongo wa watu, na huyu ameniambia kweli tupu mbele ya kijiji kizima nikadhani ananitania. Kama ya gari yote yalikuwa kweli, je, lile alilosema juu ya mume wangu?

Nikaanza kukumbuka. Tangu utoke hospitali hujakaa kiti cha mbele cha gari lolote. Tulipokwenda kliniki Dodoma ulikaa nyuma kabisa, umefumba macho, ukasema una usingizi. Na jasho lile, Baba Neema? Mimi ni muuguzi, najua jasho lile halikuwa la usingizi.

Gari nimelinunua. Rajabu anasema hayo yote yanatengenezeka, na ni muuzaji huyo tu ambaye hakunidanganya. Liko hapa uani.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa za presha asizigawe kwa majirani. Msalimie wifi, nami namwomba radhi kwa maswali yangu. Msalimie na mwinjilisti wetu anayekuja kukusogezea magongo.

Nakuuliza jambo moja tu, na usinijibu kwa habari za injini. Unaogopa? Kama unaogopa, andika neno hilo tupu, nitaomba ruhusa kazini nije kukuchukua. Tutapanda treni, tutakaa behewa la nyuma kabisa wote wawili, na ukifumba macho nitakushika mkono mpaka Tabora. Gari acha liote kutu. Mimi nimechoka kulala peke yangu.

Mkeo anayekupenda,
Mama Neema